Fahali wa Lita Mbili

Jumatano, 7 Juni 2006. Korogwe.

Chausiku kaenda kwao Vugiri. Kapanda gari la asubuhi, mtoto mgongoni, begi mkononi. Hakuna ugomvi. Namshukuru sana. Kaniachia maharage yaliyokwisha chemka, mkaa wa kutosha na shati moja lililopigwa pasi. Wake wengine huondoka na jiko.

Sababu yake ni kwamba tangu nifungue ofisi ya kompyuta hakuna mteja aliyerudi mara ya pili. Nikamkumbusha Mzee Mhina wa kule stesheni, ambaye alirudi kesho yake tu. Chausiku akasema Mzee Mhina alirudi kulalamika. Kwenye tangazo la msiba wa shemeji yake nilichapa jina lake yeye kama marehemu, na watu walishaanza kumletea rambirambi. Kosa dogo la mpangilio. Nilimwomba radhi na nikamchapia jingine bila malipo.

Sharti la Chausiku ni hili: siku mteja mmoja atakaporudi kwangu kwa hiari yake, bila kulalamika, naye atarudi nyumbani. Mteja mmoja tu! Kuna wanaume wanapewa masharti mazito kuliko hayo.

Na riziki haikukawia. Mchana nimesikia wafugaji wa Handeni wameunda chama chao na wanatafuta mtu wa kompyuta. Kila ng'ombe anayeuzwa mnadani apewe hati ya mauzo iliyochapwa, maana zile za mkono zinaghushiwa na ng'ombe wa wizi wanapita. Nimefuta vumbi kwenye kibao cha ofisi. Kesho naenda.

Alhamisi, 8 Juni

Handeni. Vumbi. Namshukuru kondakta aliyeniruhusu kupakata begi langu kwa nauli ya mtu mmoja.

Kamati imekaa kwenye mabenchi ya chama. Mwenyekiti ni Mzee Mepukori, mtu mrefu, mpole, hasemi mpaka umalize na hata ukimaliza bado anasubiri kidogo. Nikatoa shikamoo zangu zote. Kumbe sikuwa peke yangu. Alikuwepo binti anaitwa Beatrisi, mtoto wa wafugaji wa huko huko, kasomea kompyuta Dar, sasa anafanya kazi ofisi ya parokia. Kavaa shanga mkononi na kashika sidii moja isiyo na hata karatasi ya juu.

Akasema hiyo ni programu huria. Haiuzwi. Unaichukua, unainakili, unampa na jirani, na ukiona kuna kisichokufaa unaifungua ndani na kurekebisha. Kasema hivyo bila aibu, mbele ya watu wazima.

Nikasimama. Nikasema nchi sasa iko kwenye soko, kila kitu kina bei, na kitu kisicho na bei ukikipata kibovu utamlalamikia nani? Nikawauliza wazee kama wamewahi kumwamini mtu anayegawa chakula bure. Mzee Mepukori akafikiri, halafu akasema kwake hakuna mtu aliyewahi kuuziwa chakula. Wazee wengine wakasema hata kwao. Nikaona hoja hiyo niiache.

Nikatoa boksi. Hapo ndipo nilipowapata. Programu yangu ni ya kampuni, ya Ulaya, ya ng'ombe hasa, na kwenye boksi kuna picha ya ng'ombe. (Boksi nimelitengeneza mwenyewe, lakini picha ni yao.) Likapita mkono kwa mkono. Wakalitazama muda mrefu kuliko walivyonitazama mimi. Mzee Mepukori akasema ng'ombe huyo mguu wa nyuma unamsumbua.

Wameamua hivi: mimi niandikishe mnada wa Jumatano ijayo, Beatrisi ule unaofuata, kisha watachagua. Nimeshukuru mpaka mikono imechoka.

Jumamosi, 10 Juni

Leo nimekaa kuisoma programu yenyewe, maana Alhamisi niliisifia tu. Niliipata kwa mzungu mmoja aliyelala gesti ya jirani akielekea Dindira kwenye mashamba ya chai. Alipoondoka aliacha gazeti lenye sidii ndani, na mhudumu wa gesti akanipa. Mungu ambariki.

Ni ya kufugia ng'ombe wa maziwa. Ni nzuri mno. Ina mlio. Tatizo ni moja: ni ya majaribio. Kila ukiifungua inakuambia siku zilizobaki, na zimebaki chache. Zikiisha, inataka ulipe kwa kadi ya benki, kwa fedha za kwao. Nimeuliza watu wanne hapa stendi nani ana kadi ya namna hiyo. Mmoja akanionyesha kadi yake ya kliniki.

Beatrisi kanipigia simu! Kasema amesikia nina shida, basi anaweza kunitumia nakala ya programu yake kwa gari la kesho, niitumie na mimi, tusishindane kama maadui. Akaniita kaka Awadhi. Nikamshukuru kwa heshima zote na kukataa. Mshindani akikupa silaha yake bure, ujue imeharibika.

Bi Hafsa anayeuza mihogo nje ya ofisi yangu kaniletea sahani bila kuombwa. Maharage yaliisha jana.

Jumatatu, 12 Juni

Siku za majaribio zimeisha. Nimefungua, nimekuta kufuli jekundu. Nikabonyeza kila mahali. Kufuli. Nikaizima, nikanywa maji, nikaiwasha. Kufuli. Umeme ukakatika, mgawo wetu wa kila siku, na kwa mara ya kwanza nikaufurahia.

Ni gizani humo nilipopata wazo. Programu inajuaje kwamba siku zimeisha? Inaangalia saa ya kompyuta. Na saa ya kompyuta ni ya nani? Yangu. Umeme uliporudi nikairudisha nyuma mwaka mzima. Juni 2005. Nikafungua. Kufuli halipo! Inanikaribisha kwa mlio kama mgeni mpya.

Wahandisi wote wale wa Ulaya nimewashinda kwa kidole kimoja. Nimecheka peke yangu mpaka Bi Hafsa akachungulia.

Kuna vijambo vidogo. Haikubali ng'ombe asiye na kiasi cha maziwa kwa siku. Hata dume. Ukiandika dume bila maziwa inagoma na kulia. Nimeamua kila dume nimpe lita mbili, si nyingi, hazimshtui mtu. Na rangi inazijua chache tu, ya kwanza kwenye orodha ni kahawia. Ng'ombe wengi ukiwatazama kwa mbali ni kahawia.

Jumatano, 14 Juni. Handeni, mnadani.

Ushindi!

Nilisafirisha kompyuta nzima, kioo chake na printa, vyote nimevifunga kwenye blanketi la Chausiku. Mafuta ya jenereta wametoa chama. Nimekaa mezani tangu asubuhi, foleni ndefu mbele yangu. Mambo mengine yalinitatiza kidogo. Nilimuuliza Mzee Mepukori kaleta ng'ombe wangapi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Ni hao." Nikarudia swali. Kijana mmoja akaninong'oneza kwamba wazee hawahesabu ng'ombe kwa namba, ni mkosi; wanawajua kwa sura. Programu inataka namba. Ikabidi nihesabu mwenyewe kutoka mezani, na ng'ombe hawasimami.

Rangi nazo. Mzee ananiambia huyu ni arus, mweusi na mabaka meupe; yule ni mugie, mwekundu mzito kama damu iliyokauka; na yule wa madoadoa ni sambu. Anawataja taratibu, kwa upendo, kama anawaaga. Nikaandika kahawia, kahawia, kahawia.

Ndio ng'ombe aliobaki nao baada ya ukame. Kaniambia mwenyewe. Anauza haya madume ili apate mitamba kwa tajiri mmoja wa Korogwe, aanze zizi upya; mnunuzi atalipa ng'ombe wakimfikia, na tajiri huyo atamsubiri mzee mpaka Jumamosi tu. Nikamwambia mzee asiwe na wasiwasi, hati zake ni za kimataifa. Akanishika mkono. Nilijisikia vizuri sana.

Jioni nikamtumia Chausiku ujumbe kwa dereva wa gari la Vugiri: wateja wengi, wote wameridhika, njoo Ijumaa. Kompyuta nimeilaza ofisi ya chama. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 15 Juni

Asubuhi simu ikabipu mara tatu. Ni Simeo, dereva wa lori lililobeba ng'ombe wa Mzee Mepukori. Nikampigia. Akasema yuko kizuizini njiani, lori limezuiwa tangu alfajiri, ng'ombe juani.

Akaongeza, "Awadhi, huyu afande anataka nimkamue dume."

Nikapanda gari mpaka kizuizini. Afande ni mtu mstaarabu, namshukuru kwa kunipa kiti. Kanisomea hati yangu kwa sauti mbele ya watu. Hati inasema ng'ombe ni kahawia. Kwenye lori kasimama wa mabaka. Inasema kauzwa Juni mwaka jana. Wakati huo, kwa meno yake, alikuwa bado ananyonya. Inasema ni dume; hapohapo inasema anatoa lita mbili. Na hati zimezidi ng'ombe kwa mmoja. Afande akaniuliza yule mmoja yuko wapi. Nikasema labda nilimhesabu mara mbili. Akaandika hilo pia.

Nikajaribu kurekebisha kwa kalamu. Akaninyang'anya kalamu. Kasema ng'ombe wenye hati za uongo ni ng'ombe wa wizi mpaka ithibitike vinginevyo, na hati mpya iliyo sahihi isipoonekana kesho, anawapeleka kituoni. Nikatazama juu ya lori. Yule sambu kalegeza kichwa kwenye mbao. Simeo anawapa maji kwa ndoo moja aliyoazima.

Nimekimbilia Handeni. Ofisi ya chama, jenereta, kompyuta. Nikairudisha saa kwenye tarehe ya kweli, kwa nia safi kabisa, ili nichape upya. Kufuli. Nikairudisha tena mwaka jana. Kufuli, na safari hii na maneno: imegundua saa imechezewa, haitafunguka tena kwenye mashine hii. Na ng'ombe wote niliowaandikisha jana wako ndani. Siwezi kuwatoa hata mmoja. Kampuni iko Ulaya. Nimewaandikia barua pepe kwenye duka la intaneti, nikapata jibu papo hapo, nikashukuru, kumbe ni mashine iliyojibu kwamba wako likizo.

Ijumaa, 16 Juni

Nimelala kwenye benchi la chama. Asubuhi nikaenda parokia kwa miguu. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumwambia Beatrisi, ya kujenga heshima yangu. Nilipofika nikasema tu, "Dada, nimewafungia ng'ombe wa mzee." Akavuta kiti.

Hakucheka. Andika hilo, Awadhi. Hakucheka hata kidogo, na angekuwa na haki.

Akamwita Mzee Mepukori. Mzee akaja, akakaa, akafumba macho. Akaanza kuwataja mmoja mmoja kama wanavyoingia zizini jioni: arus mwenye sikio la kulia lililokatwa, mama yake fulani; mugie mwenye pembe iliyoinama; sambu. Beatrisi anachapa. Programu yake ina arus. Ina mugie. Ina mahali pa alama za masikio, kulia na kushoto. Haina mahali pa maziwa. Nikamuuliza ni kampuni gani imetengeneza kitu hiki cha Kimaasai. Akasema mwanzoni ilikuwa programu ya maktaba, ya kuazimia vitabu. Kaifungua ndani, katoa vitabu, kaweka ng'ombe. Kwenye hati ya kwanza palikuwa bado pameandikwa mwandishi, na hapo kajaza jina la mama wa dume. Akacheka mwenyewe, akaingia ndani ya programu, akarekebisha, akachapa tena. Dakika chache. Sikuwahi kuona mtu akiiambia programu ibadilike na ikakubali.

Tukapanda pikipiki ya parokia, yeye anaendesha, mimi nyuma na hati kifuani. Afande akazisoma zote, akapanda lorini, akashika masikio, akashuka. Akagonga mhuri. Lori likaondoka.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia pembeni ya kizuizi, na Simeo akanipungia mkono kutoka dirishani kama vile nimefanya jambo la maana.

Jioni nimefika Korogwe. Chausiku kakaa kwenye ngazi ya ofisi, mtoto kalala. Alikuja kama nilivyomwita. Bi Hafsa alishamhadithia, maana habari za dume wa kukamuliwa zilifika mjini kabla yangu. Nikangoja maneno. Akaniuliza kama nimekula. Kesho anarudi Vugiri na gari la mchana, amesema, kwa sababu sharti ni sharti. Lakini kapika.

Jumapili, 18 Juni

Jana mchana! Chausiku kashafunga begi. Nikasikia hodi. Mzee Mepukori mlangoni, na Beatrisi nyuma yake; kompyuta na printa yangu wamenirudishia kutoka Handeni, bado kwenye blanketi la Chausiku.

Nikatoa shikamoo nikiwa nimeinama tayari kupokea lawama. Mzee akakaa. Akasubiri, kama kawaida yake. Akasema mitamba kapata, tajiri alimngoja. Halafu akaniambia:

"Kijana wangu, yule dume angekuwa anatoa maziwa nisingemuuza."

Akacheka. Mzee Mepukori! Alicheka mpaka akashika goti, Beatrisi naye, Chausiku naye akiwa na begi mkononi. Nikacheka na mimi, kwa kuchelewa.

Kisha akasema lililomleta. Kamati imempa kazi Beatrisi. Lakini Beatrisi kawaambia ng'ombe wengi wananunuliwa na watu wa Korogwe, anahitaji mtu huku wa kuwachapia nakala, na kanitaja mimi. Bado sielewi kwa nini. Kaniwekea programu yake kwenye kompyuta yangu, ile ya Ulaya iliyojifunga kaifuta, kanionyesha ndani pote, kila mlango. Nikamuuliza sharti ni nini. Akasema moja tu: nikirekebisha kitu kikawa bora, na mimi niwaache wengine wakione na wakichukue, kama alivyoniachia yeye. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Walipoondoka Chausiku akabaki amesimama. Nikamwambia anaweza bado kuliwahi gari. Akasema, "Baba Rehani, mteja amerudi. Hata kama ni kwa huruma, amerudi." Akafungua begi, akatoa khanga zake, akazitundika kwenye msumari wake.

Sijawahi kumshukuru Mungu kwa mfululizo namna ile. Nimemshukuru kwa Beatrisi, kwa mzee, kwa afande, kwa Simeo na ndoo yake, kwa Bi Hafsa, hata kwa yule mzungu. Nimejua sasa mimi ni mtu mwenye bahati.

Jumanne, 20 Juni

Kesho mnada wa Handeni. Kesho kutwa wanunuzi wa Korogwe wanaanza kuja kuchukua nakala kwangu. Mzee Mepukori kasema atakuja mwenyewe na wa kwanza. Chausiku kafagia ofisi mara mbili na kaweka kitambaa juu ya printa.

Nami sikukaa bure. Siku mbili hizi nimezunguka ndani ya programu ya Beatrisi, kila mlango aliouacha wazi, na nimeshangaa. Kitu kizuri hivi, na binti wa watu hapati hata senti! Muheza kuna wafugaji. Lushoto wapo. Kilindi wamejaa. Wote hawa wanahitaji programu hii, ndani ya boksi, yenye siku za majaribio.

Nikampigia, nikamuuliza programu inawekwaje neno la siri. Akafurahi sana kwamba najifunza. Alidhani nataka kulinda siri za wateja. Kanielekeza hatua kwa hatua, kwa vocha yake mwenyewe, mpaka nikaelewa. Mtu mwema mno. Nimepanga nikishauza nimpelekee zawadi.

Kufuli langu si kama lile la Ulaya. Haliangalii saa, kwa hiyo hakuna mjanja wa kulirudisha nyuma. Linataka neno la siri tu, nami nimetunga refu, lenye herufi na namba zimechanganyika, na sikuliandika popote ili lisiibwe.

Nimelijaribu kwanza kwenye kompyuta hii ya ofisi, yenye ng'ombe wote wa kesho kutwa, maana Beatrisi alishawaandikisha humo kabla ya mnada. Limefunga vizuri ajabu. Nimejaribu kulifungua tangu adhuhuri, nimeshindwa hata mimi. Hiyo ndiyo kazi ya kitaalamu.

Chausiku anauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia namshukuru Beatrisi. Asingeiacha wazi, ningeweka wapi kufuli?